Sarafu yenye maandishi mawili: ipi ya kununua, ipi ya kurudisha

Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko pembeni ya soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, na kwa kuwa nina lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia tunachobana kwenye jicho, watu huniletea kila kidogo kinachotaka kutazamwa: mikufu, vipande vya malakiti, pete za ndoa zilizogeuka kijani, na siku hizi sarafu za zamani. Saa zenyewe zimepungua. Mwenye simu hana haja ya saa.

Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja aliniwekea mezani faranga 5 ya Katanga ya 1961, ile ya bronzi yenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili.

"Papa fundi, angalia muzuri. Maneno iko mbili-mbili."

Nikaangalia. Kweli, neno KATANGA lilikuwa na mwangwi, kila herufi ikifuatwa na nyingine ubavuni. Nikauliza bei.

"Dola makumi mbili. Na ni kwa sababu ya weye tu."

Sarafu hiyo hiyo bila mwangwi ningeipata kwa bei ya chini sana. Nikalipa. Wiki chache baadaye mke wangu alinunua koti la mitumba, na katika mfuko wa ndani, uliotoboka hadi kwenye bitana, tukakuta senti moja ya Marekani ya 1995. Nayo ilikuwa na mwangwi kwenye neno LIBERTY. Hiyo haikunigharimu hata kumi.

Sarafu hizo mbili sasa zinalala kwenye kisahani kimoja, na mtu akija na yake ninamwekea hizi kwanza alinganishe. Mwangwi nilioulipia hauna bei popote duniani. Ule wa mfukoni ndio watu wanautafuta.

Kashe ya ofisi

Kabla ya lupu, fikiria kashe, ule muhuri wa mpira wa ofisini. Sisi Wakongo twaijua kashe kuliko sarafu. Karatasi bila kashe haikufikishi popote. Sasa, karatasi inaweza kutoka na maandishi mawili kwa njia nne. Njia ya kwanza, aliyechonga kashe alikosea: alichonga mara moja, akaona haijakolea, akachonga tena bila kulenga palepale. Kila karatasi itakayopigwa kashe hiyo, hata elfu kumi, itatoka na kosa lile lile mahali pale pale. Njia ya pili, kashe ni nzuri lakini karani ameinua mkono kwa haraka, kashe ikateleza kidogo, wino ukaburuzika. Karatasi inayofuata itatoka safi, au itaburuzika kwa namna nyingine. Njia ya tatu, kashe imezeeka, mpira umelika, herufi zimenenepa na kuvimba. Njia ya nne, karani amepiga mara mbili, na duara mbili zinaonekana wazi, moja juu ya nyingine.

Sarafu nazo ni hivyo hivyo, na zote nne watu wa sokoni wanaziita kwa jina moja: "mbili-mbili". Ubishi wote wa bei unaanzia hapo. Mimi naziita kosa la muhuri, mtetemo, uchovu, na kupigwa mara mbili, na nitakaa zaidi kwenye mbili za kwanza kwa sababu ndizo zinazofanana na ndizo zinazowalia watu pesa.

Muhuri unavyozaliwa

Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mmoja chini. Picha kwenye muhuri imezama, na imegeuka kama unavyojiona kwenye kioo. Picha hiyo haichongwi kwa mkono kwenye kila muhuri. Kuna muhuri mama, ambao picha yake imeinuka kama ilivyo kwenye sarafu yenyewe. Huo mama unakandamizwa kwa nguvu nyingi kwenye kipande cha chuma kilicholainishwa, unaacha alama, na mtoto amezaliwa. Shida ni kwamba chuma kikikandamizwa kinakuwa kigumu kabla picha haijazama sawasawa. Kwa hiyo zamani walikitoa, wakakipasha moto kilainike, wakakirudisha chini ya mama kwa mkandamizo wa pili, wakati mwingine wa tatu. Mtoto asiporudishwa palepale, akageuka kidogo tu, picha ya pili inazama kando ya ya kwanza. Muhuri huo ukifika kwenye mashine ya kupigia bila mtu kuutambua, sarafu zote zinazotoka hapo zinazaliwa pacha.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye kiwanda cha sarafu cha Marekani kule Philadelphia mwaka 1955. Senti za Lincoln zilitoka na mwaka, neno LIBERTY na maneno IN GOD WE TRUST yakiwa mawili kabisa, wazi kiasi kwamba mtu asiye na miwani anaona. Waliposhtuka, sarafu hizo zilikuwa tayari zimechanganyika na nzuri nyingi, wakaamua kuziachia kuliko kuyeyusha rundo zima. Inakadiriwa 20,000 hadi 24,000 ziliingia mtaani, na nyingi zilitoka kama chenji ndani ya pakiti za sigara zilizouzwa na mashine. Leo hata iliyochakaa inazidi dola 1,000. Ya 1972 nayo inajulikana, kwa mamia ya dola. Senti yangu ya 1995 ni mdogo wao kabisa: ziko nyingi, kwa hiyo inauzwa dola chache hadi ishirini hivi, kutegemea imechakaa kiasi gani. Lakini ni ya ukoo huo huo.

Kuna ndugu mwingine ambaye watu hawamtambui: mwaka juu ya mwaka. Senti 10 za Marekani za 1942 zipo ambazo chini ya tarakimu 2 inachungulia 1. Muhuri ulikandamizwa mara ya kwanza na mama wa 1941, mara ya pili na mama wa 1942. Kosa ni lile lile, ila mama walikuwa wawili.

Mtetemo ni habari nyingine kabisa. Muhuri ni mzuri, mama hana kosa, lakini kitu fulani kwenye mashine kimelegea. Muhuri unapiga, na wakati wa kuachana na sarafu unacheza kidogo, unagusa tena pembeni mwa herufi zilizokwisha kuinuka. Chuma kilichokuwa juu kinasukumwa chini na kando. Mimi nikisikia hivyo naikumbuka saa ambayo egemeo la gurudumu limelika: haijasimama, ila kila mpigo una mchezo ndani yake.

Zote mbili kwenye mlango

Umeme ukikatika ninatoa meza mlangoni, na kusema kweli mwanga wa mlango ni mzuri kuliko taa, maana unatoka upande mmoja tu. Taa mbili zinakutengenezea vivuli viwili na utaona mwangwi kwenye kila kitu, hata kwenye kifungo cha shati. Lupu ya mara kumi inatosha. Ukizidisha hapo utaona mikwaruzo tu na kusahau herufi.

Iweke senti ya 1995. Angalia L na I za LIBERTY. Kwenye ncha zake herufi imepasuka kama ukucha wa mbuzi, na kati ya vipande viwili kuna mfereji mwembamba. Vipande vyote viwili ni vya mviringo juu, vyote vimeinuka karibu kimo kimoja. Ukizungusha sarafu polepole, mwanga unapanda mgongo wa kwanza, unashuka mferejini, unapanda mgongo wa pili. Ni migongo miwili.

Sasa iweke ile ya Katanga. Hapa K ina mgongo mmoja tu. Kinachoonekana kama herufi ya pili ni kingazi, kama ngazi moja ya mlangoni: bapa, chini, kimelala karibu na uwanja wa sarafu, ile sehemu tupu isiyo na picha wala maneno, na kinang'aa kwa namna ya chuma kilichokwanguliwa. Ukizungusha, mwanga haukipandi. Kinawaka chote mara moja kisha kinazima chote mara moja. Ndiyo tabia ya kitu bapa.

Hilo peke yake lingenitosha kushuku, lakini dola ishirini zinamfanya mtu awe mbishi. Nikaazima kwa jirani yangu faranga 5 nyingine ya Katanga, isiyo na mwangwi wowote, nikaziweka ubavu kwa ubavu, K kwa K. Mguu wa K yake ulikuwa mnene. Mguu wa K yangu ulikuwa mwembamba, na ukijumlisha na kingazi chake, unapata unene wa mguu wa jirani kamili. Hakuna kilichoongezeka. Herufi ilikatwa ubavu, na kipande kilichokatwa ndicho nilichokilipia.

Tangu siku hiyo swali langu ni moja: chuma kimeongezeka au kimepungua? Kosa la muhuri linaongeza, kwa sababu muhuri ulichimbwa mara mbili, na mahali palipochimbwa zaidi chuma kinajaa zaidi. Herufi ya namna hiyo, ukijumlisha vipande vyake, ni pana kuliko ya kawaida. Mtetemo unapunguza, herufi inabaki na upana wake wa mwanzo au inakonda. Ukipata sarafu ya kawaida ya kulinganisha, jibu liko hapo mbele yako, na sarafu ya kawaida ndiyo rahisi kuipata.

Kwa sarafu za Marekani kuna ushahidi mwingine mzuri sana. Herufi ndogo inayoonyesha mji wa kiwanda, kama S ya San Francisco au D ya Denver, haikuwemo kwenye muhuri mama. Mpaka karibu mwaka 1990 iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri, baada ya mkandamizo kwisha. Basi chukua senti ya 1969 yenye S, ambayo kosa lake la muhuri ni adimu hasa na nzuri zake zimefika makumi ya maelfu ya dola. Mwaka ukiwa mbili na maneno yakawa mbili, lakini S ikabaki moja, moyo unaweza kuanza kudunda. S nayo ikiwa na mwangwi uliolalia upande ule ule wa mwaka, tulia: mashine imetetemeka na kuburuza kila kitu pamoja. Za namna hiyo ni nyingi kuliko zile za kweli, na ndizo utakazouziwa. Na ile isiyo na S kabisa, yenye mwaka 1969 na maandishi mawili? Watu wawili huko California walitengeneza za bandia za namna hiyo, mpaka maofisa wakaanza kukamata hata za kweli wakidhani ni zile zile.

S yenyewe ikiwa mbili wakati mengine yote ni moja, hiyo ni jambo dogo lenye wapenzi wake: aliyegonga kwa mkono aligonga vibaya, akagonga tena. Ina thamani yake, kwa kawaida si kubwa.

Uchovu, kwa kifupi

Muhuri ukishapiga sarafu laki nyingi, kingo za picha zinalika. Herufi zinatoka zimevimba, zimefifia kingo, mwangwi wake ni kama moshi, mara nyingi unavuta kuelekea ukingo wa sarafu au uko pande zote mbili za herufi. Uwanja nao unakuwa na vipele kama ganda la chungwa. Hakuna mfereji, hakuna kingazi. Kuna senti za 1955 ambazo tarakimu 5 ya mwisho tu ina kivuli cha namna hii, na Wamarekani wenyewe wameipa jina la utani la maskini, kwa maana ya asiyeweza kununua ile ya kweli. Usiilipie zaidi ya thamani yake ya kawaida.

Ongeza hapa senti za Marekani kuanzia 1982, ambazo ni zinki iliyopakwa shaba nyembamba. Wakati wa kupigwa ngozi hiyo inaweza kuchanika ubavuni mwa herufi, na zinki inaonekana kama mstari wa kijivu. Mtu anaona mstari, anasema mbili-mbili. Rangi inakuambia: mwangwi wa kweli una rangi ya herufi yenyewe.

Kupigwa mara mbili

Hii ndiyo inayopendeza macho kuliko zote, na ndiyo rahisi kuitambua. Sarafu ilipaswa kuruka nje baada ya kupigwa, haikuruka, ikapigwa tena. Ikiwa imesogea, unapata sehemu ya picha ya pili iliyokaa vibaya juu ya ya kwanza, na ile ya kwanza imebondwa, imekuwa bapa kama chapati chini ya herufi mpya. Kila kitu kiko mbili: picha, maneno, ukingo, na kwa kawaida pande zote mbili za sarafu. Hakuna nyingine inayofanana nayo kabisa, tofauti na kosa la muhuri ambalo lina mapacha maelfu. Kwa hiyo bei yake haina orodha. Inategemea imesogea kiasi gani na mnunuzi ameipenda kiasi gani.

Ila hapa Lubumbashi nina tahadhari ya pekee, maana mji huu umejaa mafundi wa shaba, wanaojua nyundo tangu enzi za misalaba ile iliyokuwa fedha ya babu zetu. Mtu akiweka sarafu juu ya sarafu nyingine na kupiga nyundo, moja inamwachia mwenzake alama. Nimeletewa mbili za namna hiyo. Soma maandishi ya ziada: yakiwa yamegeuka kinyume na yamezama ndani, mara nyingi ni kazi ya nyundo ya mtaani. Muhuri wa kiwanda hauandiki kinyume.

Kuchagua

Ukiwa unanunua ili uuze, nunua kosa la muhuri tu, na lile linalojulikana. Lile linalojulikana lina picha zake kila mahali, na sarafu yako lazima ifanane nazo mfereji kwa mfereji, kwa sababu zimetoka muhuri mmoja. Ukiambiwa "hii ni ya pekee, hakuna mwingine mwenye nayo", hiyo ni sababu ya kurudisha mkono mfukoni. Mtetemo ndio wa pekee kila mara. Na ya 1955 iangaliwe mara mbili, maana imeghushiwa sana: ya kweli haina herufi ya mji chini ya mwaka, na nyuma ina mikwaruzo midogo ya wima karibu na T ya neno CENT.

Ukiwa unanunua kwa kupenda, basi sarafu iliyopigwa mara mbili itakufurahisha zaidi kila ukiitoa, hata kama imekugharimu kidogo. Mtetemo usikukimbize sarafu unayoitaka kwa sababu nyingine. Faranga 5 ya Katanga ni faranga 5 ya Katanga, ya nchi iliyojitangaza Julai 1960 na kwisha Januari 1963. Lipa bei ya Katanga, usilipe bei ya mwangwi.

Ukinunua kwa picha za simu, omba picha mbili, mwanga wa dirisha, sarafu ikiwa imezungushwa robo kati ya moja na nyingine. Taa ya simu inakifanya kingazi cha mtetemo king'ae kama herufi kamili. Hata mimi ningedanganyika. Muuzaji akikataa kupiga picha ya pili umepata jibu. Na sarafu iliyochakaa sana usiibishanie, kwa sababu migongo ikishalika inakuwa bapa na kingazi kikishalika kinakuwa na mviringo. Hapo mbinu zangu zote zinachanganyikiwa, na inabaki kulinganisha na pacha wake tu.

Neno moja kwa mama zetu: tafadhali msisugue sarafu kwa limau na chumvi kabla ya kuniletea. Inang'aa, ndiyo, kama sufuria ya Krismasi, na bei yake imekufa.

Mwezi jana yule kijana wa Katanga alirudi. Hatukugombana, wala yeye hakujua alichoniuzia. Safari hii alikuwa na faranga 2 ya Kongo ya Wabelgiji ya 1943, ile ya shaba ya manjano yenye pembe sita na tembo. Ilipigwa Philadelphia, kiwanda kile kile cha senti za 1955, na yeye alikuwa ameshaisoma habari hiyo mahali.

"Papa fundi, hii ya Amerika. Tembo iko na mikonga mbili."

Nikabana lupu, nikageukia mlangoni. Mkonga wa kwanza ulikuwa mviringo na mwembamba kuliko inavyopaswa. Wa pili ulikuwa umelala chini, bapa, ukiwaka wote na kuzima wote. Nikampa lupu aangalie mwenyewe, nikampa na senti yangu ya 1995. Alikaa muda mrefu akizungusha moja, kisha nyingine, mama mmoja mwenye saa ya ukutani akisubiri nyuma yake.

"Iko ngazi," akasema mwishowe.

Nikamlipa bei ya tembo mwenye mkonga mmoja.